Kipande Kisichotiwa Kitu

Nilitaka nianze na samadi, kwa sababu ndiyo iliyonitia aibu, lakini nikianza hapo hamtaelewa kwa nini mtu mzima wa umri wangu aliamka asubuhi ya Jumapili akabeba karai badala ya kubeba Biblia. Basi nianze na marehemu.

Mke wangu alifia katika hospitali moja ya Kitale, miaka miwili sasa. Kabla ya hapo shamba letu lilikuwa na wenyewe wawili. Mimi nilikuwa wa ndani, huko chini karibu na mto, na yeye alikuwa wa barabarani. Hakuna siku tuliyoketi tukagawana, ilitokea tu. Mistari ya kando ya barabara aliipalilia yeye, tena mara tatu, kwa sababu alisema huko ndiko watu wanakosoma nyumba yetu. Sisi watu wa huku Ndalu tuko hivyo. Unaweza kuwa na paa linalovuja, hakuna atakayejua, lakini mahindi yako ya barabarani yakiwa mabaya, hata mchungaji atakuombea bila kuulizwa.

Watoto wapo. Mmoja Nairobi, mmoja Mombasa, na wote wananipigia simu Jumapili jioni, mmoja baada ya mwingine, kama watu walioelewana. Wananiuliza kama nimekula. Nawaambia nimekula. Simu inaisha.

Sasa kuna mtafiti mmoja. Alikuja mwezi wa tatu, mvua ikinusa tu, akiongozana na afisa wa kilimo. Mwanamke wa miaka kama thelathini, mzaliwa wa Bungoma mjini, anasomea shahada ya pili. Alikuwa na buti za mpira ambazo hazijaona tope. Aliomba sehemu ndogo ya shamba kwa msimu mmoja, na mimi nilikubali kabla hajamaliza kueleza. Angeomba kuchimba kisima sebuleni ningekubali pia. Wiki ile sikuwa nimeongea na mtu isipokuwa ng'ombe, na ng'ombe wangu ana tabia ya kukugeuzia mgongo.

"Kuka," akaniambia, kwa sababu kwa lugha yetu kuka ndiye babu, "nataka kujua kama chokaa ya shamba inasaidia mahindi kwa udongo kama huu wenu."

"Si ujue tu? Wewe umesoma."

"Kusoma si kujua, kuka. Ningekuwa najua ningekuja huku kufanya nini?"

Mimi niliacha shule darasa la tatu, baba aliponikabidhi ng'ombe kumi na mmoja na fimbo, na maisha yangu yote nilidhani watu waliosoma wanajua na sisi wengine tunasikia. Nikasikia furaha fulani, kama mtu aliyeambiwa kwamba hata tajiri naye anatafuta viatu vyake asubuhi. Na chokaa yenyewe niliijua, lakini ile ya kupaka ukuta wa kanisa. Sikujua inaliwa na mahindi.

Akapima vipande vinne sawasawa kwa kamba, akapigilia vigingi. Kimoja kitatiwa chokaa peke yake. Cha pili samadi peke yake. Cha tatu chokaa na samadi pamoja. Cha nne hakitatiwa kitu. Kile cha nne aliniambia ndicho cha maana zaidi, kwa sababu vingine vyote vitalinganishwa nacho. Kisha akakunja vikaratasi vinne, akaniomba kofia yangu, tukapiga kura kipande gani kikae wapi. Mimi ndiye niliyetumbukiza mkono. Na mkono wangu huu huu ukatoa kikaratasi cha kutotiwa kitu, kwa upande wa barabarani.

"Mayi," nikamwambia, kwa sababu kwetu hata msichana unamwita mama kwa heshima, "hicho cha kukosa kila kitu si tukipeleke huko nyuma? Hapa watu wanapita."

"Haiwezekani, kuka. Kura imeshasema."

"Kura ni mkono wangu tu. Nirudie?"

"Tukianza kuchagua tutakuwa tumepanga majibu kabla ya swali."

Nikakubali kwa mdomo. Lakini roho haikukubali.

Alikuja kila Jumanne. Alipima urefu wa mahindi, akahesabu majani, akaandika, halafu akaketi jikoni kwangu kungoja jua lipungue au mvua ikatike, na hapo ndipo nilipopata shule ambayo sikuimaliza. Alikuwa na neno lake, nadharia tete. Nikamuuliza ni mnyama gani huyo. Akasema ni wazo unalolishika kabla hujaona ushahidi, lakini unalisema kwa namna ambayo shamba linaweza kukukatalia. Kama haliwezi kukataliwa, hiyo si nadharia tete, ni maneno tu.

Nikampa la kwangu. Goti langu la kulia likiuma, mvua inakuja. Nilidhani atacheka. Akanipa daftari, akasema, "Andika. Siku goti likiuma weka alama, siku mvua ikinyesha weka alama. Na zile siku goti limeuma na mvua haikuja, usizifiche." Zile za mwisho ndizo zilikuwa nyingi kuliko nilivyotaka. Lakini hata zile zilizopatana, aliniambia, hazisemi kwamba goti linaleta mvua. Vitu viwili vinaweza kutembea pamoja na kimoja kisikivute kingine. Nadharia ya kusema vinatembea pamoja ni moja, na ya kusema hiki ndicho kinacholeta kile ni nyingine, na hiyo ya pili ndiyo inayodai vigingi na kamba na kura.

Iliyonisumbua zaidi ni ile aliyoiita ya sifuri. Hiyo inasema chokaa haibadilishi kitu, mahindi yatakuwa yale yale. Nikamuuliza, "Wewe unaamini hivyo?"

"Hapana. Mimi naamini chokaa inasaidia."

"Sasa mbona unaandika uongo hapo juu kabisa?"

Akaanza kueleza, akakwama, akaanza tena. Mimi nikafikiri kidogo, nikamwambia, "Ngoja. Hii si ni kama posa? Wageni wakija kutafuta mke, wenyeji wanasema hapa hatuna msichana, mmepotea njia. Na msichana yuko jikoni, kila mtu anamsikia akikohoa. Lakini wageni lazima waoneshe. Wasipoonesha, wanarudi kwao, na neno la wenyeji linasimama."

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akafungua kitabu chake akaandika maneno yangu. Yangu, mimi wa darasa la tatu. "Na kuka, wakirudi kwao mikono mitupu," akasema, "je, hiyo inamaanisha kweli hakuna msichana?"

"Hapana. Inamaanisha hawakumpata."

"Basi. Wanafunzi wenzangu wengine hiyo inawachukua mwaka."

Zilikuwako na nyingine. Ile inayosema kutakuwa na tofauti lakini haisemi upande gani, kama mtu anayekugongea mlango asubuhi na kusema tu kuna habari. Na ile inayotaja upande, chokaa itaongeza, haitapunguza. Na ile yenye mambo mawili kwa pamoja, chokaa na samadi zikishikana zitazidi kila moja ikiwa peke yake. Hiyo niliielewa haraka. Mtu aliyefiwa haelezwi hiyo mara mbili.

Mwezi wa sita, kipande cha barabarani kikaanza kugeuka rangi. Vile vitatu vilikuwa vimesimama vyema, kile cha chokaa na samadi hasa kilikuwa cheusi kwa ukijani. Na hapo mbele, mahali ambapo marehemu alikuwa akipalilia mara tatu, mahindi yakawa manjano, membamba, yanatikisika hata upepo haujafika.

Kuna jirani yangu, mama mmoja mjane, shamba lake liko kwenye mteremko huu huu chini kidogo. Kila asubuhi hupita na mtungi wa maziwa kichwani, na mdomo wake huwa mbele ya miguu.

"Baba," akaniita kutoka barabarani, "hii mahindi yako imeshikwa na malaria?"

"Ni ya utafiti," nikamwambia.

"Ati utafiti! Utafiti wa njaa? Mama angekuwa hai angelia bana. Watu wanasema mzee amekwisha."

Akaenda zake akicheka. Hakuwa na ubaya, ndivyo alivyo, hata kwenye matanga ya mke wangu alitania watu mpaka wakala. Lakini lile la mama angelia liliingia, likakaa. Siku nne nzima nilitoka kwa mlango wa nyuma ili nisiyaone mahindi yale. Jumapili, kengele ya kanisa ilipolia na barabara ikawa tupu, nikachukua karai nikaenda zizini. Nilizungusha samadi kwenye kila shina, nikafunika na udongo kwa jembe ili isionekane. Nilifanya kazi vizuri. Lazima niseme ukweli, ilikuwa siku ya kwanza tangu kuzika ambayo nililala mchana kwa uchovu mtamu.

Ndani ya wiki tatu yakarudi kijani. Jirani akapita, akaangalia, hakusema kitu. Nikajiona mtu.

Jumanne mtafiti akapima. Akapima tena. Akarudi kwenye kurasa za nyuma, akakunja uso.

"Kuka, hapa hukuweka kitu?"

"Mimi? Niweke nini?"

Nilisema haraka, kama mtu anayefukuza nzi. Akaniangalia kidogo, kisha akaamini, kwa sababu alikuwa amelelewa kuamini wazee. Hiyo ndiyo sehemu ninayoona ugumu kuiandika.

Na sasa sikilizeni vile uongo unavyoweza kumlipa mtu. Mashamba mengine yote aliyokuwa nayo yalionesha chokaa inafanya kazi. La kwangu peke yake lilikuwa linasema sifuri, hakuna tofauti, hapa hatuna msichana. Na la kwangu ndilo lilikuwa peke yake kwenye mteremko wa udongo mwekundu namna hii. Basi likawa fumbo, na fumbo linahitaji kutembelewa. Akaanza kuja Jumanne na Ijumaa. Alichimba udongo akaweka kwenye mifuko. Aliniuliza juu ya baba yangu, alilima nini hapa, alichoma majani au hakuchoma. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza juu ya baba yangu tangu nimzike. Nikaeleza siku mbili mfululizo, na sikuongeza chumvi ila kidogo.

Akatunga nadharia mpya, kwamba mteremko wetu una kitu ndani yake kinachofanya chokaa isihitajike. "Ikibaki hivi," akaniambia, "itabidi nirudi kwako msimu mwingine mzima."

Moyo wangu ukaruka kama wa kijana. Nilikwenda mpaka Kitale siku ya pili yake nikanunua kiti cha plastiki, kwa sababu kile alichokuwa akikalia kilikuwa na mguu wa wasiwasi. Muuzaji akaniuliza kama nina wageni. Nikamwambia ndiyo, ninao.

Kiti nilikifurahia muda usiofika wiki mbili. Siku moja jirani alisimama kwenye ua, akateremsha mtungi, jambo ambalo halifanyi ovyo.

"Baba, nilikuwa nimejiandikisha kwa ile chokaa ya kikundi cha wakulima. Sasa nimeliondoa jina."

"Kwa nini utoe?"

"Si wewe umeona? Kama kwako haijafanya kitu, kwangu itafanya nini? Udongo ni mmoja. Nimeona hata yule msichana akiuliza uliza." Akatazama upande wa shamba lake. Mahindi yake yalikuwa kimo cha kiuno, na mwaka uliopita alivuna magunia yaliyoisha kabla ya Pasaka. Hilo nalijua kwa sababu unga aliazima kwangu. "Wacha wenye udongo mbaya waweke chokaa. Sisi Mungu alishatuwekea."

Akajitwisha mtungi akaenda, na mimi nikabaki nimeshika ua.

Ningeweza kumwambia mtafiti Ijumaa, akiwa ameketi kwenye kile kiti. Nilijaribu. Nilipomwona akivua buti mlangoni na kusema, "Kuka, leo nina hamu ya chai yako," sikuweza. Nikagundua kwamba katika nyumba yangu sitasema kamwe. Basi wiki iliyofuata nikavaa koti la kanisani nikaenda Bungoma.

Bungoma sijaizoea. Kitale nimefanya kazi ujanani, nilipakia mahindi kwenye matrekta ya shamba moja kubwa, kila pembe naijua, lakini Bungoma nilishuka nikasimama karibu na reli kama mzigo uliosahauliwa. Mwenye bodaboda akaniuliza, "Mzee, sasa? Tunaenda wapi?" Nikamwonesha kikaratasi alichoniandikia mtafiti siku za kwanza. Akanifikisha kwenye jengo la ofisi nyuma ya soko, chumba kidogo kilichojaa mifuko ya udongo yenye namba. Niliiona ya kwangu, yenye namba saba, namba ya shamba langu, imepewa meza yake peke yake.

Alishtuka. "Kuka! Kuna nini? Uko mgonjwa?"

"Niliweka samadi."

"Wapi?"

"Kwa kile kisichotiwa kitu."

Nje mtu alikuwa akinadi viatu kwa kipaza sauti. Aliketi, akavuta kitabu, akachukua kalamu, na sauti yake ilipotoka haikuwa ya mtu anayemwita mtu kuka.

"Lini?"

"Jumapili moja, mwezi wa sita. Kabla ya palizi ya pili."

"Karai ngapi?"

"Kumi na nne. Labda kumi na tano, moja ilimwagika njiani."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimepanga maneno mengi garini. Yalibaki mawili. "Watu wanapita."

Akaweka kalamu, akafunika uso kwa mikono, na mabega yakatikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa akicheka au akilia. Alipoiondoa mikono, macho yalikuwa mekundu. "Mwezi ujao nilikuwa nasimama mbele ya walimu wangu niwaambie mteremko wenu una maajabu. Nimeshaandika kurasa ishirini juu ya samadi ya ng'ombe wako, kuka."

"Yeye mwenyewe hana habari," nikasema.

Hapo alicheka kweli, lakini kidogo. Kisha akapiga mstari juu ya namba saba kwenye kila ukurasa ilipokuwa. Mstari mmoja ulionyooka, ili chini yake pasomeke, na pembeni akaandika sababu na tarehe.

"Si utoe kile kipande kimoja tu?" nikauliza. "Vile vitatu havina makosa."

"Vinasimama pamoja, kuka. Kile kikidanganya, vingine havina cha kupimwa nacho."

"Na msimu ujao? Hatuwezi kuanza upya? Sitagusa kitu. Utakifungia na mlango."

"Muda ningeongezewa kwa ajili ya lile fumbo, na fumbo halipo tena. Mashamba yaliyobaki yatatosha." Akafunga kitabu. "Umefanya vizuri kuja. Wengi hawaji."

"Na Jumanne?"

Nilijua jibu, lakini niliuliza, kwa sababu nilikuwa nimetoka mbali.

"Jumanne nitakuwa Naitiri, kuka. Na Ijumaa pia. Huko bado kuna kazi."

Alinisindikiza mpaka stendi, akaninunulia mandazi mawili ya moto kwenye gazeti, akangoja gari lijae. Tuliagana kwa mikono miwili. Alisema vigingi ningoe mwenyewe, hakuna haja ya kuja mtu kwa ajili hiyo.

Jirani nilimngojea asubuhi kwenye ua. Nikamwambia yote, bila kupunguza hata karai moja.

"Ati uliweka samadi? Ukaidanganya serikali?"

"Kwa sababu ya mdomo wako."

"Wewe mzee! Mimi nilikuwa nakutania tu!" Akashika kiuno. "Na sasa yule msichana?"

"Amekwenda. Wewe rudisha jina lako kwenye chokaa. Leo hii. Mashamba mengine yote imefanya kazi."

"Nirudishe, na wamenicheka nilipotoa?"

"Waambie ni mimi. Waambie mzee alidanganya."

Akaniangalia muda mrefu kuliko desturi yake. "Nitasema umri," akasema. "Nitasema hukukumbuka."

"Hapana. Sema nilidanganya."

Alirudisha. Najua kwa sababu nililiona gunia jeupe mlangoni kwake, limefunikwa na nailoni lisinyeshewe, likingoja msimu wa kupanda.

Mwezi wa kumi na moja nilivuna. Mwaka ule yalitoka vizuri, hata yale ya barabarani. Watu walipita, wakasimama, wakasifu, mmoja akaniambia mzee bado una nguvu. Nilishukuru. Sikuwa na wa kumweleza kwamba sifa ile ilikuwa ya ng'ombe.

Nilikata, nikamenya, nikabeba uani. Nilikuwa nimetandika turubai nne, kwa mazoea, kwa sababu tangu mwezi wa tatu mtu alikuwa akiniambia nisichanganye. Nikajaza ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kila moja na mahindi ya kipande chake. Nikaketi kwenye kizingiti nikaziangalia. Jua lilikuwa zuri la kuanikia. Jumanne. Barabarani hakukuwa na mtu.

Nikaamka, nikashika pembe mbili za turubai ya kwanza, nikaimwaga juu ya ya pili.